Mrushaji wa Beisiboli Anapoharibikiwa: Kutafuta Chanzo kwa Namba Tukiwa Dodoma

Mrushaji akiruhusu pointi saba, kila mtu uwanjani ana tiba yake. Huyu anasema arushe kwa nguvu zaidi, yule anasema apunguze nguvu, mwingine anasema dogo ana woga. Hakuna aliyeuliza pointi hizo zilipatikanaje. Zinaweza kutokana na besi za bure mfululizo, na zinaweza kutokana na mipira laini iliyopenya katikati ya walinzi. Ubao wa matokeo unaonyesha 7 tu katika hali zote mbili, ila tiba zake hazifanani hata kidogo.

Mwongozo huu ni wa makocha na warushaji wa shule na vyuo vya huku kwetu, Dodoma mjini, Kongwa, Manyoni, Singida, ambao hatuna rada wala kamera kama za viwanja vikubwa vya Marekani. Huko tangu 2015 kila mrusho wa ligi kuu hupimwa kasi, mzunguko na mahali ulipopita. Sisi tuna kaunta buku, kalamu, simu na futi kamba ya fundi. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa vitu hivyo.

Kwa anayeanza: mrusho ukipita ndani ya eneo la kupigia (hewani mbele ya mpigaji, kuanzia magotini hadi kifuani), au mpigaji akizungusha gongo akakosa, ni straiki. Ukipita nje naye akauacha, ni boli. Straiki tatu, mpigaji auti, yaani anatoka; hiyo ndiyo straikauti. Boli nne, anakwenda besi ya kwanza bila jasho; hiyo ndiyo besi ya bure.

Kabla ya dalili yoyote: daftari

Mpe mchezaji asiyecheza siku hiyo daftari, akae nyuma ya wavu, usawa wa mdakaji. Aandike kila mrusho mstari wake. Gawa eneo la kupigia katika vyumba tisa, uvipe namba 1 hadi 9 kama vitufe vya simu, ukitazama kwa macho ya mdakaji. Nje ya eneo tumia herufi: J juu, C chini, K kulia, S kushoto. Mstari mmoja unasomeka hivi:

*Mpigaji 4, kulia, 1-1, kupinda, 7→C, boli, besi ya 2.*

Maana yake mpigaji wa nne anayepigia upande wa kulia, hesabu ni boli moja na straiki moja (boli hutajwa kwanza), mrushaji akarusha mpira wa kupinda, glavu ya mdakaji ilikuwa chumba cha 7, mpira ukafika chini ya eneo, mwamuzi akasema boli, na kulikuwa na mkimbiaji besi ya pili. Mshale huo katikati ndio unaobeba utafiti wote. Timu nyingi zinaandika mpira ulipofika na kusahau ulikusudiwa kwenda wapi. Bila kusudio huwezi kujua kama mrushaji alikosea au alitii maagizo mabaya ya benchi.

Kabla ya mechi ya kwanza pima uwanja wenyewe. Kutoka ukingo wa mbele wa kibao cha mrushaji hadi ncha ya nyuma ya bamba la nyumbani, lile ambalo mpigaji husimama kando yake, ni mita 18.44. Viwanja vyetu vingi vimepimwa kwa hatua za mguu, na nusu mita ikipungua, namba zote za kasi na za straiki zinapotoka. Kituta anachosimama mrushaji kiwe na urefu wa sentimita 25 juu ya bamba. Usidharau kimo hicho: mwaka 1968 warushaji wa Marekani walitawala kupita kiasi, Bob Gibson akamaliza msimu na wastani wa pointi 1.12 kwa iningi tisa (iningi ni zamu ya kila timu kupiga hadi auti tatu), na mwaka 1969 kituta kikashushwa kutoka sentimita 38 hadi hizo 25 ili wapigaji nao wapumue.

Dalili: besi za bure zimezidi

Hii ndiyo dalili inayotusumbua kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Anza na mrusho wa kwanza kwa kila mpigaji. Hesabu mara ngapi ulikuwa straiki, gawanya kwa idadi ya wapigaji. Ligi kuu ya Marekani iko karibu na asilimia 60. Kijana wa shule akiwa asilimia 40, besi nyingi za bure zinaanzia hapo, kwa sababu akiwa nyuma 1-0 kisha 2-0 analazimika kurusha mpira wa kasi katikati au kuendelea kukosa, na mpigaji anajua hivyo. Tazama daftari: mrusho wa kwanza ulilengwa wapi? Ukikuta mdakaji anaweka glavu chumba cha 7 au 9, pembezoni kabisa, kwa kila mpigaji, basi mrushaji hana kosa. Anaombwa kugonga kona kwa mrusho wa kwanza wakati hajapata hata mwelekeo. Mwambie mdakaji aweke glavu katikati, 5 au 8, kwa mrusho wa kwanza, kwa mechi tatu. Kisha hesabu tena. Mara nyingi tatizo linapungua kabla hujagusa mkono wa mtu.

Kama glavu ilikuwa katikati na bado mpira unatoka nje, angalia unatokea upande gani. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia, kundi kubwa la makosa likiwa juu na upande wa mkono wake wa kurushia, kwa kawaida bega la mbele limefunguka mapema na mkono umechelewa kufika. Makosa yakiwa chini na upande wa glavu, ameushikilia mpira kupita wakati wake au mwili umejizungusha kupita kiasi. Makosa yakitawanyika pande zote bila mpangilio, usihangaike na mkono kwanza. Shuka chini, tazama miguu.

Hapo ardhi yetu inasaidia. Kuanzia Juni vumbi la Dodoma ni laini kiasi kwamba mguu unaotua mbele ya kituta unaacha alama kamili, kisigino na vidole. Fagia mbele ya kituta kwa ufagio wa chelewa, chora mstari mnyoofu kwa kamba kutoka kibao hadi bamba, mwache arushe. Baada ya kila mrusho pima kwa futi kamba: alama iko sentimita ngapi kutoka kwenye mstari, na ngapi kutoka kwenye kibao. Andika, fagia, endelea. Baada ya mirusho 20 utaona kama mguu unatua mahali pamoja au unatangatanga. Kosa la digrii moja tu katika mwelekeo linakuwa sentimita 30 mpira unapofika mbele, na bamba zima lina upana wa sentimita 43. Mguu unaotua leo kushoto kwa sentimita 5 na kesho kulia kwa sentimita 10 hauwezi kuzaa straiki za kutegemea, hata mkono uwe mzuri namna gani.

Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, leo mkono umekataa." Tukafagia, tukapima. Alama zilikuwa zimetapakaa upana wa kiatu kizima, na shimo alilochimba mwenyewe mbele ya kituta ndilo lililokuwa linamyumbisha. Tulifukia, tukamwagia maji, tukashindilia. Mkono haukuwa na tatizo lolote.

Kama alama ziko sawa na bado anakosa, tenganisha mirusho ya besi tupu na mirusho yenye mkimbiaji. Mkimbiaji akiwepo, mrushaji hutumia staili fupi, bila kuinua mguu juu. Straiki zikiwa asilimia 62 besi zikiwa tupu na 45 mkimbiaji akiwepo, ugonjwa umejitaja: hajafanya mazoezi ya staili fupi, au anamtazama mkimbiaji hadi dakika ya mwisho. Nusu ya mazoezi yake ya wiki iwe staili fupi. Makocha wengi huacha jambo hili hadi siku ya mechi, na ninaona huo ni uzembe wetu sisi, wala mrushaji asilaumiwe.

Halafu kuna mpira wenyewe. Hewa kavu hukausha ngozi ya mpira, na mpira mkavu unateleza vidoleni. Jasho nalo hukauka haraka, kwa hiyo vidole havipati hata unyevu wa kushikia. Dalili yake ni mipira inayopaa juu ghafla, J baada ya J, hasa ile ya kasi, katika miezi ya Juni hadi Oktoba kuliko wakati wa mvua. Usihifadhi mipira kwenye stoo ya bati inayopigwa jua mchana kutwa. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba chenye kivuli. Denver, mji mkavu ulio juu milimani, walianza kutunza mipira kwenye kabati la unyevu mwaka 2002, na tangu 2022 viwanja vyote vya ligi kuu vinafanya hivyo. Mipira mipya isugue kwa viganja vyenye udongo laini uliolowa kidogo hadi ule mng'ao utoke. Wamarekani nao husugua ya kwao kwa tope maalumu kutoka New Jersey kabla ya mechi. Kifuko cha unga wa rosini (utomvu mkavu unaosaidia vidole kushika) nyuma ya kituta kinaruhusiwa na sheria, na hakina gharama kubwa.

Dalili: anarusha vizuri, pointi zinaingia tu

Straiki ziko juu, besi za bure chache, wapigaji wanakosa, na bado timu inafungwa. Makocha hubadilisha mrushaji hapa, na mara nyingi wanamwonea.

Mwaka 2001 Mmarekani Voros McCracken alichapisha hoja iliyowashangaza wengi: mpira ukishapigwa ukaingia uwanjani, mrushaji ana uwezo mdogo sana wa kuamua kama utakuwa hiti (pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi salama) au auti. Anachokimiliki kweli ni straikauti, besi za bure, wapigaji aliowagonga na homrani (pigo linalomzungusha mpigaji besi zote). Mengine yanategemea walinzi, uwanja na bahati. Katika ligi kuu, kama mipira 3 kati ya 10 inayopigwa ndani ya uwanja inakuwa hiti, na mrushaji anayetoka mbali sana na hapo kwa kawaida hurudi.

Mrushaji Brian Bannister wa Kansas City Royals aliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 2007, msimu wake wa kwanza kamili, alimaliza na wastani wa pointi 3.87. Bannister alikuwa msomaji mkubwa wa takwimu na alijua kwamba mipira iliyopigwa dhidi yake ilikuwa imegeuka hiti mara chache kuliko kawaida. Mwaka 2008 wastani ukapanda hadi 5.76. Hakuwa amesahau kurusha ndani ya miezi michache. Sehemu ya bahati ya mwaka wa kwanza ilikuwa imekwisha, ndipo akaanza kutafuta namna ya kuwafanya wapigaji wapige mipira ya chini.

Kwenye daftari lako fanya hesabu hii. Chukua homrani zidisha kwa 13. Ongeza jumla ya besi za bure na waliogongwa ikizidishwa kwa 3. Toa straikauti zikizidishwa kwa 2. Gawanya kwa iningi alizorusha. Tuseme mrushaji wa kwanza ana iningi 20, homrani 1, besi za bure 8, waliogongwa 2, straikauti 24: 13 + 30 − 48 ni hasi 5, ukigawanya kwa 20 unapata hasi 0.25. Wa pili ana iningi 20 pia, homrani 1, besi za bure 18, waliogongwa 4, straikauti 14: 13 + 66 − 28 ni 51, ukigawanya unapata 2.55. Wachambuzi wa Marekani huongeza namba inayozunguka 3.1 ili jibu lifanane na wastani wa pointi wa ligi yao. Sisi hatuihitaji, kwa sababu tunawalinganisha warushaji wetu wenyewe. Hata kama hao wawili wameruhusu pointi sawa, wa kwanza ni mrushaji bora kwa mbali, na wa pili ameokolewa na walinzi.

Tahadhari moja kwa mazingira yetu. Hesabu hii ilitengenezwa kwa ligi ambayo walinzi wote ni mahiri. Kwenye ligi za shule, mlinzi wa besi ya tatu anaweza kuwa ameshika glavu mwezi uliopita, na uwanja una mawe na mizizi ya miiba. Ukikuta mipira 5 kati ya 10 inakuwa hiti, usiite bahati mbaya ukalala. Weka safu nyingine kwenye daftari: mpira ulikwenda kwa nani, na je, mlinzi wa kawaida angeudaka? Baada ya mechi kadhaa utajua ni nafasi ipi inayovuja, na mazoezi ya Jumatano yatapangwa kwa ajili ya mlinzi huyo. Mrushaji mwache apumzike.

Dalili: mpira wa kupinda unapinda huku, Dar unaharibika (au kinyume chake)

Sehemu hii inatuhusu sisi kuliko wenzetu wa pwani, na nadra kusikia kocha akiizungumzia.

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Mpira unaozunguka hupinda kwa sababu unaisukuma hewa upande mmoja nayo hewa inausukuma upande wa pili. Hewa ikipungua, msukumo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Mrusho ambao ungepindishwa sentimita 25 na hewa ya pwani, hapa unapindishwa kama 22 hivi. Sentimita 3 zinaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba sehemu nene ya gongo haizidi kipenyo cha sentimita 6.6. Mpira uliotakiwa kupita chini ya gongo unakutana nalo.

Mpira wa kasi nao unaathirika. Mzunguko wake wa kurudi nyuma huuzuia usianguke haraka. Huku kwetu kizuizi hicho ni dhaifu kidogo, kwa hiyo unashuka zaidi. Mrushaji aliyezoea Dodoma, macho na vidole vyake vimejifunza kulenga juu kidogo bila yeye kujua. Akishuka Dar es Salaam kucheza, kwenye ule uwanja wa Azania au kwingine, mpira wa kasi unabaki juu na wa kupinda unaangukia mavumbini mbele ya bamba. Daftari litaandika J, J, C, C, J. Kocha atasema amechoka na basi au ana woga wa mji. Ameingia kwenye hewa nzito tu.

Tiba ni muda wa kuzoea. Kama usafiri unaruhusu, fika siku moja kabla, mpe mirusho 25 ya nguvu ya kati akiwa na mdakaji wake, na muandike mpira ulipofika kwa kila aina. Mara nyingi inatosha kumwambia ashushe shabaha ya mpira wa kasi kwa nusu ya kipenyo cha mpira, na mdakaji aombe mpira wa kupinda akiwa ameweka glavu juu zaidi. Timu ya pwani ikija huku, jua kwamba mrushaji wao ana tatizo hilo kinyume: mpira wake wa kupinda utabaki juu, unapigika. Wapigaji wako wausubiri.

Upepo nao usiusahau. Jioni za kiangazi unavuma kwa nguvu. Ukimpiga mrushaji usoni, mpira wake unapinda zaidi. Ukitoka mgongoni mwake, unapinda kidogo. Andika mwelekeo wa upepo juu ya kila ukurasa wa daftari. Usipoandika, mwezi ujao utalinganisha mechi mbili ambazo hazilinganishiki. Na kwa kuwa mpira uliopigwa juu unasafiri mbali zaidi katika hewa nyepesi, mrushaji wa Dodoma anafaidika zaidi akiwafanya wapigaji wapige mipira ya chini. Weka safu ya "chini" na "juu" kwa kila mpira uliopigwa.

Dalili: iningi tatu safi, ya nne mafuriko

Kuna vyanzo viwili vinavyofanana sana kwa macho, na daftari ndilo linalovitenganisha.

Cha kwanza ni uchovu. Gawa mirusho ya mechi katika mafungu ya 15. Kila fungu lina asilimia ngapi ya straiki? Na kasi ikoje? Kasi unaipima kwa simu yenye video ya picha 240 kwa sekunde. Simama pembeni, rekodi, kisha hesabu picha kutoka mpira unapotoka vidoleni hadi unapogusa glavu. Umbali huo ni kama mita 17, kwa sababu mrushaji huachia mpira akiwa ameshanyoosha hatua mbele, huku mdakaji naye amekaa nyuma kidogo ya bamba. Picha 150 ni sekunde 0.625, na mita 17 kwa muda huo ni mita 27.2 kwa sekunde, yaani kilomita 98 kwa saa. Huo ni wastani wa njia nzima. Unapotoka mkononi unakuwa na kasi zaidi. Usijali usahihi wa kilomita moja. Unachotafuta ni kama picha zimeongezeka kutoka 150 fungu la kwanza hadi 162 fungu la nne. Zikiongezeka hivyo na straiki zikashuka, amechoka, mtoe.

Chanzo cha pili ni wapigaji kumzoea. Mpigaji anayemwona mrushaji kwa mara ya tatu katika mechi moja humpiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Ligi kuu imelithibitisha jambo hili kwa data nyingi, na ndiyo sababu siku hizi warushaji wao hutolewa mapema hata wakiwa na nguvu. Kama kasi haijashuka, straiki hazijashuka, ila hiti zimeanza kumiminika mzunguko wa tatu wa wapigaji, basi kumlazimisha anywe maji na apumue hakusaidii. Afiche silaha moja. Mzunguko wa kwanza atumie mpira wa kasi na chenji (mrusho wa polepole unaofanana na wa kasi) tu, wa kupinda autoe mzunguko wa pili au wa tatu.

Hapo hapo angalia mazoea yake. Chukua mirusho yote iliyorushwa hesabu ikiwa 2-0 na 3-1, uone asilimia ngapi ilikuwa ya kasi. Ikiwa ni tisini na kitu, wapinzani wenye akili wameshaona. Mrushaji mwingine humpa mpigaji jibu hata kabla ya hesabu: glavu inapanuka anaposhika chenji, kiwiko kinashuka anapotaka kupinda. Video ileile ya kasi itakuonyesha, ukiweka mirusho miwili tofauti kando kwa kando.

Wakati mwingine namba zinasema kinyume cha mazoea: silaha nzuri haitumiki vya kutosha. Bannister huyohuyo, baada ya kuacha kurusha, alifanya kazi ya uchambuzi Boston Red Sox, na mwaka 2015 alimwambia Rich Hill, aliyekuwa na miaka 35 na ametoka kucheza ligi isiyo na uhusiano na timu kubwa, kwamba mpira wake wa kupinda ni bora kiasi cha kustahili kurushwa mara nyingi zaidi. Hill alianza mechi nne mwishoni mwa msimu huo, akapata straikauti 36 katika iningi 29. Kwa hiyo hesabu pia kwa kila aina ya mrusho: mara ngapi wamezungusha, mara ngapi wamekosa. Kijana wako anaweza kuwa na chenji ambayo wapigaji wanaikosa nusu ya mara, naye anairusha mara nne tu kwa mechi kwa sababu aliambiwa mwanaume ni kasi.

Dalili: namba zinabadilika kila wiki, hujui uamini ipi

Tatizo hapa ni uchache wa mirusho. Ukihesabu mirusho 20 ya kwanza ukapata straiki 12, hiyo ni asilimia 60, lakini uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 40 na 80. Kwa mirusho 100 wigo unapungua hadi kama asilimia 10 kila upande. Mchambuzi wa takwimu Russell Carleton alichunguza swali hili kwa ligi kuu: kiwango cha straikauti huanza kuaminika baada ya wapigaji kama 70, besi za bure kama 170, na ile hesabu ya hiti kwa mipira iliyopigwa ndani inahitaji mipira kama 2,000, ambayo kijana wa shule hataifikisha kabla ya kumaliza masomo. Kwa hiyo amua kwa mirusho ya mazoezi pia, isiyo na mashabiki wala mwamuzi, na uiandike kwa utaratibu uleule wa mshale. Wiki moja ya mazoezi inakupa mirusho mingi kuliko mechi mbili. Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja. Ukihamisha mguu, ukabadilisha mshiko na ukampa mdakaji mpya siku moja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Dalili: kasi imeshuka na anashika kiwiko

Hapa daftari lina kazi moja tu, kukuonyesha amerusha mingapi. Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku kwa wenye miaka 13 hadi 16, na 105 kwa miaka 17 na 18. Kwa miaka 15 na 16, mirusho 31 hadi 45 inataka siku moja ya kupumzika, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, 76 na kuendelea siku nne. Walio chini ya hapo vikomo vyao ni vidogo zaidi.

Mabonanza yetu ya Jumamosi na Jumapili ndiyo hatari yenyewe. Kijana mmoja mwenye mkono mzuri anarusha 70 Jumamosi, Jumapili kocha anamwomba "iningi mbili tu". Kwa daftari, huyo ana siku tatu za kupumzika ambazo hajazipata. Asiende kudaka pia, kwa sababu mdakaji naye anarusha mchana kutwa.

Maumivu ya ndani ya kiwiko au ya bega hayapimwi kwa video wala kwa mafungu ya 15. Anatoka kituta mrusho uleule aliolalamika, hata kama straiki zake ni asilimia 70 na timu inaongoza kwa pointi moja. Asirushe tena hadi daktari amwone, na mzazi aambiwe siku hiyohiyo. Akienda hospitali aende na ukurasa wa daftari wa wiki tatu zilizopita, kwa sababu swali la kwanza analostahili kuulizwa ni amerusha mara ngapi na lini.

Warushaji wawili wa akiba waandaliwe mapema, wenye mirusho yao kwenye kurasa zao. Timu yenye mrushaji mmoja tu ndiyo inayomrudisha kituta kabla hajapona.